UZI: Ngoma ya duara ukiipandisha jukwaani, inabaki nini?

#1 MkaaBaraza

Assalaam aleikum wakuu. Tamasha la hapa mjini Unguja limekwisha, na huku kila mmoja anatupia picha zake. Picha nzuri, sikatai. Ila kuna jambo halimo kwenye picha, na mimi limenikaa rohoni.

Kilikuja kikundi cha ngoma ya kibati kutoka Pemba. Kikapangiwa dakika 20, baada ya Magharibi, kabla ya bendi kubwa. Wazee wale kabla ya kupanda wakatafuta kona nyuma ya jukwaa, wakakusanya makuti makavu na vipande vya boksi, wakawasha moto mdogo wakanze ngoma zao. Mtu yeyote aliyepigiwa ngoma utotoni mwake anajua kwamba ngozi lazima ikanzwe, hasa usiku, hasa karibu na bahari. Mlinzi akaja mbio na ndoo ya maji. Moto hauruhusiwi. Moto ukazimwa, moshi ukawaingia machoni, na ngozi zikabaki zimelegea kwa umande. Mpigaji mmoja alikuwa akiibonyeza ngoma yake kwa kidole gumba, anaangalia juu, anaibonyeza tena. Wakapanda hivyo hivyo.

Huko juu wakapangwa mstari mmoja, nyuso kwa watazamaji, maikrofoni mbili mbele. Sasa kibati ni majibizano. Huyu anatupa neno, yule analidaka papo hapo, maneno yanakwenda mbio kuliko ngoma yenyewe, kisha wenzao wanaingia na kiitikio. Wale wawili wamesimama bega kwa bega wanatazama giza. Hawaonani! Nani amjibu nani? Dakika 20 zikatimia, mshereheshaji akashukuru "utamaduni wetu adhimu", wakateremshwa. Bendi iliyofuata ilipewa saa nzima na robo.

Sisemi matamasha yafungwe. Nauliza tu: ngoma zetu nyingi hazina mbele wala nyuma, zina duara. Ukishaikunjua duara ukaifanya mstari, mbona tusiseme ukweli kwamba hapo tumeonyesha mavazi tu?

#2 Kijana_Kwaalinatu

Mkuu wakati wa kibati nusu ya watu walikuwa Forodhani wanakula urojo. Hata wangepewa saa tatu ingekuwa hivyo hivyo 😂

#3 Fundi_Mitambo

Waaleikum salaam. Mie ni fundi sauti, nimeshafanya kazi nyingi za Ngome Kongwe, hapo tamasha lilipofanyika, na kwengineko, kwa hiyo acheni nitetee watu wa nyuma ya jukwaa kidogo.

Moto: mlinzi yule alikuwa sahihi. Nyuma ya jukwaa kuna nyaya za umeme kila mahali, maturubai, maboksi ya vifaa, na jengo lenyewe ni la karne tatu. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na tuliona wenyewe sehemu ya jumba la Beit el Ajaib ilivyoporomoka Disemba 2020. Hakuna mwenye akili atakayeruhusu makuti yawake hapo. Kosa ni kuwa hakuna aliyewaambia wale wazee mapema wala aliyewaandalia njia nyengine. Kuna vikundi nimeviona vinakanza kwa taa kali, ngoma inawekwa mbele ya taa robo saa, kwisha. Ingetosha mtu mmoja kuuliza.

Mstari: hili nalo mnalaumu bila kujua. Ukiniwekea ngoma sita, zumari na waimbaji wanaozunguka, maikrofoni nizitie wapi? Mwimbaji akigeuka anaipa maik kisogo, sauti inapotea. Akisogelea spika, mitambo inapiga mluzi mpaka watu wanaziba masikio. Kuta za Ngome zinarudisha sauti, ukiongeza kidogo tu unasikia neno mara mbili. Na kati ya kundi na kundi napewa dakika chache za kupanga upya. Mpigaji wa kanuni, ile ala ya taarabu, ana nyuzi zaidi ya 70 za kutia sawa, upepo wa bahari ukivuma zinashuka tena, naye ananililia mimi. Nikisema "pangeni mstari" si dharau, ni ili neno lifike.

#4 BintiWete

Kaka Fundi, neno halikufika. Mie nilikuwa mstari wa mbele kabisa, kibati nimekizoea tangu mtoto, na nilidaka labda moja katika matano.

Ila MkaaBaraza na wewe umeiona nusu. Duara ni kweli, lakini kwetu raha ya kibati ni kwamba yule mwenye kusema anakujua. Anakuona unaingia umechelewa, umevaa kanga mpya, anakutia ndani ya neno lake hapo hapo, na mwenzake anakutetea au anazidisha. Watu wanacheka kwa sababu wanakujua na wewe. Anasema habari ya mtu aliyekopa dukani, haitaji jina, na mwenye deni yupo pale pale anajidai kufunga kiatu. Sasa ukimweka mbele ya watu mia tano asiomjua hata mmoja, atasema nini? Wale wazee walisema salamu, wakasifu tamasha, wakasifu kisiwa, wakasifu wageni. Yalikuwa maneno ya kutayarisha. Nimewasikia watu wale wale kwenye harusi, wallahi hutaamini ni wao.

Halafu mtu katoka Pemba kwa boti, kalala mjini, kasubiri zamu yake kutwa, kwa dakika 20. Hebu lipigieni hesabu hilo nalo.

#5 KanuniMbovu

Naomba nipinge kidogo, kwa heshima.

Kila tunachokiita "asilia" kimeshahamishwa mahali. Taarabu hii tunayojivunia ilianzia kasri. Sultan Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza kanuni, akarudi kumpigia yeye na wageni wake. Watu wamekaa, wamenyamaza, nyimbo za Kiarabu. Mwaka 1905 ikaundwa klabu ya taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa, ambayo mpaka leo ipo. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akaiimba kwa Kiswahili na habari za mitaani zikaingia ndani ya taarabu. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Hebu fikirini: mwimbaji wa mitaa ya Ng'ambo, hapa mjini, anaimba ndani ya chumba huko India, mbele ya mashine, hakuna wa kumtunza kwa pesa wala wa kumpigia vigelegele, na santuri ina dakika zake chache, ikijaa imejaa. Alipunguza? Lazima alipunguza. Je, taarabu ilikufa?

Kikundi cha taarabu cha Culture Musical Club tangu 1958 wameshapiga kumbi za kila namna, ndani na nje. Jukwaa linambadilisha msanii, lakini pia linamfunza. Mtu wa kibati akipewa mwaka mzima kujitayarisha kwa jukwaa, na mtu wa kumuongoza, atatoa kitu chengine kizuri. Tatizo langu mimi ni maandalizi duni, duara wala halinisumbui.

#6 Bi_Mkubwa_Kikwajuni

Mwanangu KanuniMbovu umesema kutunza, umenikumbusha.

Usiku wa taarabu nilikuwa nimekaa na shoga yangu. Wimbo ukamgusa. Akasimama taratibu, kajitanda vizuri, noti kaikunja mkononi, anakwenda kwa mwendo ule wetu, huku anaitikia maneno kwa kichwa. Kila mtu kwetu anajua mwanamke akienda kutunza namna ile ana la kusema, na kuna mtu ukumbini linamhusu. Kufika mbele kuna uzio wa chuma, nyuma ya uzio wapiga picha na mlinzi. "Mama rudi ukae." Akamwonyesha noti. "Mama, hairuhusiwi kusogelea jukwaa." Kasimama pale na noti yake wimbo ukaisha.

Mwimbaji alimuona. Alinyoosha mkono, lakini mikono haikufikana. Sasa mtu anitajie kitabu gani cha taarabu kimeandikwa kuwa wenye kamera wakae mbele na wenye kutunza wakae nyuma. Pesa ile ni ndogo, lakini bila ya hiyo mwimbaji hajui wimbo umempata nani. Na wimbo ukishampata mtu, ubeti unarudiwa. Usiku ule hakuna ubeti uliorudiwa.

#7 Kijana_Kwaalinatu

Bi mkubwa hapo umenimaliza. Nafuta mzaha wangu wa urojo.

#8 Msanii_wa_Redio

Mnalilia ngoma, sisi wa maigizo tulie wapi?

Ngoma hata ikiharibiwa bado ina mdundo, mgeni atatikisa kichwa. Mchezo wa kuigiza ukikosa kusikika umekwisha. Tulipewa jukwaa lile lile la muziki, pana kama uwanja wa mpira, maikrofoni mbili za kusimama, kwa waigizaji saba. Kwa hiyo mke na mume wanagombana huku wote wawili wamekimbilia maik moja wanapokezana. Mkwe anakuja kwa hasira, anangoja zamu. Mchezo wa huzuni ukawa kichekesho, na watu walicheka pale pasipo kuchekesha.

Tukasimama kwa ajili ya adhana ya Isha, na hilo ni haki, hakuna anayelalamika. Lakini ratiba ingetuanzisha baada ya Isha, si kutukata katikati ya kifo cha mhusika. Maiti wetu alilala kimya vizuri sana, namsifu, ila baada ya adhana mtazamaji kashatoka ndani ya hadithi.

Mwezi uliotangulia mchezo huo huo tuliucheza kwenye kiwanja mtaani, Ng'ambo, taa mbili tu, watu wamekaa kwenye mikeka na kwenye baraza, watoto mbele. Mke alipodanganywa, mama mmoja alimwambia kwa sauti, "Usimsikilize huyo!" Mwigizaji wangu mzuri akageuka akamjibu, "Nifanye nini sasa, mama?" Pakapigwa kelele. Ukumbi wa tamasha hata mtu akisema hivyo hatusikii, tuko mbali na taa zinatuchoma macho.

#9 Mtu_wa_Tanga

Wakuu mimi wa bara, naomba niingie. Bagamoyo wana chuo cha sanaa, TaSUBa, na tamasha lao la kila mwaka. Kule ngoma za jukwaani zimekuwa sanaa kamili. Zinafupishwa, zinaunganishwa, wachezaji wanajipanga kwa mistari na maumbo, na hakuna anayedai ni ile ya kijijini. Labda nyinyi mnataka jukwaa lifanye kazi ya kijiji, ndipo mnapoumia. Wacheni kiwepo kibati cha jukwaani na kibati cha harusini, viwili tofauti.

Halafu swali la mgeni: kile kikundi kidogo kilichopiga pembeni kwenye nyasi, mmoja ana sanduku na mti, kinaitwaje? Nilikaa pale mpaka nikakosa bendi kubwa.

#10 Fundi_Mitambo

@Mtu_wa_Tanga hicho ni kidumbak. Na umenipa hoja bila kujua.

Yule mwenye sanduku: ni sanduku la mbao tupu, limefunikizwa chini, uzi mmoja umetokea katikati yake ukafungwa kwenye ncha ya fimbo. Anakanyaga sanduku kwa mguu mmoja lisiondoke, mkono mmoja umeshika fimbo, mwengine unavuta uzi. Akitaka sauti ipande anaivuta fimbo nyuma uzi ukaze, akitaka ishuke anailegeza. Hakuna alama yoyote ya kumwambia noti iko wapi, anaitafuta kwa mwili mzima. Ukimtazama kwa mbali utadhani anapigana na kitu. Pembeni yake vile vidumbak viwili, ngoma ndogo, mkwasa wa vijiti, cherewa za kutikisa, na fidla inapiga mbio juu ya vyote.

Sasa sikilizeni. Mie sikuwafungia mitambo yoyote. Ratiba haikuniruhusu, nikawaambia "nyinyi pigeni hapo chini tu, mtanisamehe". Watu wakawazunguka wenyewe, wanawake wakaingia kati kucheza, na sauti ikatosha. Duara la watu ndilo lililoibana sauti isitoroke. Kwa hiyo kitu nilichokiona kuwa upungufu wa kazi yangu ndicho kilichokwenda vizuri kuliko vyote siku ile. Sijafurahi kusema hivi.

#11 MkaaBaraza

Kaka Fundi Mungu akuweke.

@KanuniMbovu hoja ya Siti nzito, ila tazama. Santuri ilipofika hapa watu walijikusanya kwenye mikahawa na mabaraza kuisikiliza, wakabishana maneno, wakachekana. Duara lilivunjwa Bombay likaungwa tena Ng'ambo. Nami nataka liungwe basi, hata kwa njia nyengine.

@Mtu_wa_Tanga hapo kwenye viwili tofauti nakubali kwa ngoma kama msewe. Ule una vya kulia vilivyofungwa miguuni, una mpangilio wa miguu, unaonekana kwa mbali, hata ukiwa juu unakwenda. Ngoma ya ndege ya wanawake na miavuli yao vilevile. Beni ndiyo kabisa, kwani yenyewe ilizaliwa kwa kuwaiga wanajeshi wa kikoloni wanaopita barabarani na matarumbeta. Gwaride la tamasha la Sauti za Busara lilipokuwa likitoka Kisonge kuteremka mpaka Forodhani, nani aliyehitaji kuelezwa beni ni nini? Mtu anatoka dukani na kikombe cha chai mkononi anafuata. Lakini kibati kinategemea sikio na uso wa jirani. Hicho usikinyanyue juu.

Na tusidhani wageni hawaji pasipo na jukwaa. Makunduchi kila Julai, Mwaka Kogwa, wanaume wanapigana kwa migomba, wanawake wanapita wanaimba matusi ya kheri, kibanda kinachomwa moto. Hakuna jukwaa, hakuna mshereheshaji. Watu wanatoka mbali wanakuja kusimama kwenye vumbi.

#12 Kijana_Kwaalinatu

Sasa niwe mkweli kwa upande wangu. Makunduchi hakuna tiketi, tamasha la mjini lina tiketi, na tiketi zinauzwa kwa jina la bendi kubwa. Sauti za Busara imeanza 2004, ikapendwa na dunia nzima, na bado 2016 haikufanyika kwa kukosa fedha. Ikiwa wao iliwafika, itakuwa hawa wadogo? Ukimwambia mfadhili "tutakaa kwenye mkeka, duara, watu sitini", atakuuliza nembo yake itundikwe wapi.

#13 KanuniMbovu

Itundikwe kwenye mkeka 😂

Lakini kijana ana haki. Na niongeze: ukishusha ngoma chini, zisije zikawa ndizo za bure bure, malipo kidogo kwa kuwa "hamkupanda jukwaani". Tayari nawaona watu wa fedha wanavyoipenda fikra hii. Kidumbak wale wa kwenye nyasi walilipwa nini? Mimi najua, na nanyamaza kwa kuwa si siri yangu kuitoa.

#14 Bi_Mkubwa_Kikwajuni

Na mimi niseme moja kabla sijakwenda kupika. Si kila kitu kishushwe wala kipandishwe. Marehemu Bi Kidude alipiga ngoma ya unyago mbele ya ulimwengu, akapewa tuzo ya muziki wa dunia ya WOMEX 2005, na wengi tulimpenda mpaka alipotutoka 2013. Hata hivyo wapo wanawake wa rika lake waliosema mambo ya ndani yabaki ndani. Na yeye mwenyewe alijua kipi cha kuonyesha na kipi cha kubakisha kwa wari wake, wale anaowafunza. Leo vijana wa matamasha wanataka unyago "kamili" kwa ajili ya kamera. Muulizeni somo mwenyewe, yule mwenye kuwafunza wari, kwanza, na akisema hapana, iwe hapana.

#15 BintiWete

Ahsante bi mkubwa, hilo lisemwe tena na tena.

Kwa kibati mimi naona hivi. Wakija, wasiwekwe Ngome. Wawekwe kwenye kiwanja chochote cha mtaa wenye Wapemba, na mjini haikosekani mitaa hiyo. Waje siku moja kabla, wakae barazani, wanywe kahawa, waambiwe habari: nani kaoa, nani kagombana na mwenye nyumba, daladala gani inajaza watu kama dagaa. Usiku watakuwa na la kusema. Mgeni asiyejua Kiswahili akae karibu na mtu wa kumtafsiria sikioni, atacheka baada ya wengine, hakuna dhambi.

#16 Msanii_wa_Redio

Na sisi tutafuata hapo hapo baada ya Isha, mchezo wa dakika 40, maik sitaki hata moja.

#17 Fundi_Mitambo

Maik moja utachukua, nitaitundika juu katikati kwenye kamba, hamtaiona. Sauti ikitosha naizima. Taa nne za manjano, si zile nyeupe za kuchoma macho. Na taa moja kali kwa ajili ya kukanza ngoma, au kiwanja kikiwa cha wazi mbali na nyumba, wakanze kwa makuti yao, ndoo ya maji iwe karibu, na ndoo niishike mimi.

Shida yangu ni umeme. Ukikatika katikati ya mchezo wa ndugu yangu hapo juu tumekwisha. Kuna mwenye jenereta ndogo isiyonguruma? Ile ya kwetu ikiwashwa hata beni haisikiki.

#18 Kijana_Kwaalinatu

Mjomba wangu ana moja ya harusi, haina kelele sana. Ila anataka mafuta yalipwe kabla, na anataka kukaa mbele.

#19 MkaaBaraza

Mbele ipi? Mwambie ni duara.

#20 Kijana_Kwaalinatu

Nimemwambia. Anasema basi akae upande wenye wanawake wa kutunza. Nimemjibu hapana. Mafuta lita ngapi, Fundi?